Tarumbeta Mbili za Nyawa

Nyawa ameziweka mezani kwangu, juu ya gazeti la juzi,
mbili, kama samaki wa bei tofauti.
Harusi ni Jumamosi, Kibokoni. Leo Jumatano.
"Fundi Mwanakombo, nichagulie. Fedha yangu haifiki mbili."

Ya kwanza nyembamba.
Bomba lake nimelipima kwa kijiti cha mshikaki
nilichokitia alama kwa kisu, mwaka ule niliporithi duka.
Naitia mdomoni: sijaamua kupuliza, imeshasema.
Mtoto wa darasa la tatu, mkono juu,
jibu limetoka na swali halijaisha.
Shaba yake nyepesi, ukiigonga kwa ukucha inalia ting,
na sauti yake, kali kama ndimu,
inapita katikati ya honi za tuktuk bila kuomba njia.
Ila ukiizidishia pumzi, noti ya juu huchanika
kama shela ya kukodi.

Ya pili, ah.
Kengele pana, imefuliwa kwa shaba nyekundu,
nzito hata mkono wa kushoto unauliza tunakwenda wapi.
Unaipa pumzi, inameza.
Unaipa tena, inameza.
Ushakata tamaa, ndipo inapojibu,
taratibu, sauti ya mtu aliyekwisha kula,
na hata ukiipigia kelele haipasuki,
inazidi tu kuwa kubwa.

Baba alishikilia kwamba siri yote i katika kinywa.
Basi nikabadilisha: kinywa cha kikombe kifupi kwenye ile nzito,
cha kikombe kirefu kwenye ile nyepesi.
Ile nzito ikajifanya kijana kwa dakika mbili.
Ile nyepesi ikajaribu heshima, ikashindwa, ikacheka.
Baba alikosea, Mungu amrehemu. Kinywa ni salamu tu;
tabia iko ndani.

Nikamtuma Nyawa asimame pembeni, kwa Mahfudh muuza sharubati.
Nikapiga nyuma ya pazia wimbo mmoja mara nne,
nikichanganya, nyembamba, pana, pana, nyembamba.
Akarudi anakuna kichwa:
"Zote ni wewe."
Mahfudh alisikia zaidi, na hapo anakamua miwa.
"Mmoja ana haraka," alisema. "Mwingine amelipwa tayari."

Nikamwambia Nyawa kama nimwambiavyo kila mtu:
harusi ni ya nje, kuna ngoma, kuna vigelegele,
kuna pikipiki ya mjomba wa bwana arusi.
Chukua nyembamba. Pana itazama.
Akasikiliza mpaka mwisho, kwa adabu,
akalipa, akachukua pana.

Nilikasirika Alhamisi yote.
Ijumaa nikailehemu nyembamba pale ilipovuja, nikaitundika.

Jumamosi, baada ya alasiri, nilikuwa nimechuchumaa
nikitafuta skrubu ya vali chini ya kabati.
Ngoma ilianza mbali, upande wa chini.
Halafu ikaingia uchochoroni kwetu
ambapo majirani wawili wakinyoosha mikono wanapeana chumvi,
na ile sauti nzito, yangu niliyoikataa,
ikabanwa na kuta za matumbawe,
ikakosa pa kutanukia, ikapanda,
ikatoka juu ya mapaa nyembamba, inang'aa,
na tumbo lake bado liko.

Miaka ishirini na sita napima mabomba.
Sikuwahi kupima uchochoro.
Kumbe nao una kipenyo, una mpindo,
una kengele inayofungukia Barabara ya Ndia Kuu.

Nyawa alipita mlangoni, mashavu yamejaa, hawezi kusema.
Akaniinulia nyusi.
Nikamwonyesha skrubu niliyoipata,
kana kwamba hiyo ndiyo niliyokuwa nikiisikiliza.